Kipimo cha Mwanamke Mmoja

"Dada, kamuulize kwanza mzee nyumbani anataka ya ukubwa gani. Nyie wanawake mnabeba tu, kesho mnarudisha, mnatusumbua."

Muuza duka aliyasema hayo bila hata kuinua macho. Masikini, hakujua anaongea na nani. Ilikuwa jioni ya mwisho wa wiki, duka la vifaa vya umeme limejaa hadi mlangoni, watu wamebanana kaunta kila mmoja na noti yake mkononi, feni ya darini inazungusha joto lilelile. Dada aliyeambiwa hayo alikuwa amevaa suruali ya kazi yenye mifuko mapajani, fulana nyeupe na kitambaa chekundu kichwani. Mkononi ameshika swichi kubwa ya kukatia umeme, anaigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Mzee gani?" aliuliza.

"Mumeo."

"Sina mume. Nina cheti cha umeme na nina mikono miwili. Halafu hao wanawake wanaorudisha vitu ndio walionituma nije niwaombee radhi?"

"Sasa dada, hasira za nini? Nimesema tu."

"Umesema tu! Juzi mwanamume mmoja alinikanyaga kwenye foleni. Nikukanyage wewe?"

Nyuma yake mtu akacheka. Akageuka mzimamzima. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, amevaa shati la maua madogo ya buluu lililomkaa mabegani sawasawa, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni, na kwenye ukosi amechomeka sindano tatu zenye nyuzi za rangi tofauti. Bila shaka alikuwa amezisahau.

"Na wewe unacheka kwa niaba ya wanaume?"

"Hapana, dada. Nimecheka kwa niaba yangu mwenyewe. Wenzangu wote humu, naona, wamenuna."

Alijikaza asicheke. Akashindwa, akacheka mpaka akaiweka swichi chini.

"Hebu toa hizo sindano shingoni," alimwambia, "utajichoma."

"Nimeshachomwa," kijana akasema, wala hakuwa anaangalia ukosi.

Hivyo ndivyo walivyojuana. Kwenye simu yake dada alimwandika Sindano, na mimi nitamwita hivyohivyo. Yeye mwenyewe kazini walimwita Volti, kwa sababu ukimgusa vibaya unarushwa. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha sabuni, mwanamke pekee katika karakana nzima ya mafundi. Sindano alikuwa na kibanda cha ushonaji ghorofa ya pili ya jengo la soko, cherehani tatu na pasi nzito, mteja wake mkubwa akiwa mtu yeyote anayetaka sare: mashule, mahoteli, walinzi.

Mapenzi yao yalikwenda kwa simu, maana wote wawili walikuwa watu wa kazi. Volti akitoka zamu, kabla hata ya kuvua viatu, simu inaita.

"Laazizi, umefika?"

"Nimefika. Miguu inawaka moto."

"Nije niipulize?"

"Ipulize hapohapo ulipo, nitausikia upepo."

"Khaa! Wewe mwanamke mgumu."

"Nani mgumu? Mbona jana nilikubali nusu ya chai yako?"

"Ulikunywa yote, Volti. Mimi nilibaki na kikombe."

Siku za mapumziko alipanda kibandani kwake akiwa amevaa gauni la njano aliloshonewa na Sindano mwenyewe, bila kumpima. "Macho yangu yanatosha," Sindano alimwambia siku ile, na kweli gauni lilimkaa utadhani alizaliwa nalo. Volti akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akinukia sabuni kama kawaida yake, na Sindano akashona huku wakitaniana. Katika kukaa huko ndipo maneno yalipotoka, maneno ya kawaida tu ya mtu na mpenzi wake.

"Ovaroli wanazotupa kazini ni za kiume," Volti alisema. "Mikono mipana kama magunia. Na zipu ya chuma kutoka kooni hadi kiunoni! Mimi nainama ndani ya boksi la umeme na chuma kifuani. Siku moja nitakaangwa."

"Ungependa ikae vipi?"

"Ningekuwa mimi, mbele kitambaa kitupu, hakuna chuma, hakuna kitu. Zipu ya plastiki, tena mgongoni. Mikono ibane. Na kiuno kibane."

"Kiuno kibane kwa usalama?"

"Kwa usalama."

"Usalama wa nani, mpenzi? Mimi tayari siko salama."

Alimrushia kipande cha kitambaa, wakacheka, yakaisha. Volti alidhani yameisha.

Sasa, katika kiwanda kile wanawake walikuwa wengi, lakini wote walikuwa kwenye mkanda, ule unaopitisha sabuni ili zifungwe na kupangwa kwenye maboksi. Siku moja mkono wa ovaroli ya Mama Pacha ukanaswa kwenye roli, lile gogo la chuma linalouzungusha mkanda. Mama Pacha alikuwa na watoto mapacha bado wananyonya. Ukavutwa mkono wake na nguo, na kama si jirani yake kupiga kelele tungekuwa tunasimulia mengine. Alinusurika na michubuko kutoka kiganja hadi kiwiko. Wanawake wakaja juu: wanataka ovaroli zao, zilizoshonwa kwa miili yao. Uongozi, kwa mara ya kwanza, ukakubali.

Meneja akamwita Volti ofisini.

"Haya, wewe ni mwanamke. Niambie wanawake wanataka ovaroli ya namna gani."

Hapo ndipo Volti alipokuwa anachoshwa na maisha. Kila likizuka jambo, choo, zamu, chai, kiti, aliitwa yeye. Wanawake wanasemaje? Wanawake wanaonaje? Fundi wa kiume aliyekaa pembeni yake hakuwahi hata siku moja kuulizwa wanaume wanataka nini. Yeye aliulizwa fyuzi imefanya nini, akajibu, akaenda zake.

"Meneja, kawaulize wenyewe. Mimi niko karakana, wao wako kwenye mkanda. Kazi ni tofauti, miili ni tofauti."

"Kuwauliza ni kusimamisha mkanda."

"Usimamishe."

"Volti, usinichekeshe. Nenda kafanye kazi."

Akatoka akijua amelimaliza. Jioni alimweleza Sindano kwamba kiwanda kinatafuta fundi wa kushona ovaroli za kike, na Sindano akajibu "Aa, hivyo?" kwa sauti ya mtu anayeficha kitu. Volti hakushtuka. Kichwa chake kilikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, siku ambayo Sindano angekuja nyumbani kujitambulisha kwa mama yake.

Ijumaa ya kuikaribia Jumapili hiyo marobota yakafika. Yakafunguliwa kantini wakati wa chai, meneja amesimama mbele akitabasamu kama bwana harusi. Volti alipoiona ovaroli ya kwanza moyo ulimruka kwa furaha. Nisidanganye, alifurahi. Ilikuwa ya buluu iliyokolea, yenye mstari wa machungwa begani, mshono umepitishwa mara mbili, na mshono ule aliujua, maana alikuwa na gauni lake kabatini. Mbele kitambaa kitupu. Zipu ya plastiki mgongoni. Mikono imebana, kiuno kimebana. Kila kitu alichotamani, mtu wake amemshonea. Laiti ingekuwa moja.

Zilikuwa za kiwanda kizima.

"Hii zipu ya mgongoni nitaifunga kwa mkono gani?" aliuliza Shangazi, mkongwe wa kwenye mkanda, ambaye bega lake moja halipandi juu tangu zamani. "Wa jirani?"

Mmoja alikuwa ameivuta hadi mapajani na pale ikagoma. Mwingine imemmeza, kiuno kimemshukia magotini. Lakini Mama Pacha ndiye aliyewanyamazisha wote. Aliishika ile nguo mbele, akaigeuza, akatafuta kifungo, akatafuta uwazi, hakuna.

"Mimi wakati wa chai naenda chooni kukamua maziwa," alisema taratibu. "Ili nikamue, na hii inabidi nivue yote nibaki uchi. Kwenye choo kile ambacho mlango wake haufungi. Nani aliyefikiria hivi?"

Meneja akakohoa. "Jamani, msinilaumu mimi. Mtindo huu ameuchagua mwenzenu. Fundi wa kushona alizungumza na Volti, kwa niaba yenu wote."

Kantini nzima ikamgeukia. Wanawake wale hawakumtukana, na hilo ndilo lililouma. Shangazi alimtazama kutoka kitambaa cha kichwani hadi viatu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Na leo nguo yenyewe tumeletewa."

Volti hata hakukumbuka alifikaje nyuma ya karakana. Simu iliita mara moja tu, Sindano akapokea kwa bashasha.

"Kipenzi! Umeziona? Nilitaka iwe ya kukushangaza..."

"Nani alikwambia wanawake wote wa kiwanda hiki ni mimi?"

"Eh?"

"Usiniitikie eh! Nani alikwambia? Ulikuja kazini kwangu, ukapewa kazi, ukakaa kimya, ukashona maneno yangu ukawavika watu. Maneno niliyokwambia nimekaa kwenye marobota yako nakunywa chai!"

"Volti, meneja alisema mkanda hausimamishwi. Alisema nipime mmoja, wengine niongeze nipunguze. Nikasema ya nini nipime mgeni na wewe nakujua hadi mshono wa bega? Akauliza, na mtindo? Nikamwambia najua, nimeshaongea na mwenyewe."

"Mwenyewe wa nini?"

"Mwanamke. Wewe si mwanamke? Na wao si wanawake?"

"Mama Pacha ananyonyesha! Shangazi bega lake halipandi! Mimi naogopa chuma kwa sababu nashika umeme, wao hawashiki umeme, wanashika sabuni! Ulishindwa kusimama getini ukauliza mtu mmoja tu, shikamoo mama, wewe unafanyaje kazi yako? Kuuliza ni ujinga?"

Volti angeishia hapo, huenda mambo yangepoa. Lakini alikuwa ameshapanda, na mtu akishapanda hachagui pa kukanyaga.

"Wanaume wote ndivyo mlivyo! Mnasikia nusu, mnajifanya mmeelewa yote. Wote!"

"Wote?" Sauti ya Sindano ikabadilika. "Mimi nimekosa, nakubali, nipige. Lakini wanaume wote wanaingiaje? Mimi ndio baba yako aliyewakimbia? Mimi ndio meneja? Mimi ndio yule wa dukani? Umenilalamikia miezi yote hii kwamba watu wanakufanya wewe ndiwe wanawake wote, na leo mimi umenifanya nini?"

"Jumapili usije."

"Volti..."

"Nimesema usije!" Akakata simu.

Alikaa juu ya debe la rangi. Ana haki, nani atakayemwambia hana haki? Ila lile jibu la mwisho la Sindano lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba, halishuki wala halitoki, na hilo likamzidishia hasira.

Nyumbani mama yake hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikuwa anachambua mchele sebuleni, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, akasikiliza habari yote huku akitoa mawe.

"Nilijua," akasema. "Wanaume ndivyo walivyo, mwanangu. Samaki mmoja akioza..."

"Mama, wewe umewajua wanaume wangapi?"

"Baba yako alitosha."

"Huyo ni mmoja."

"Alinitosheleza kwa wote. Mwache huyo mshona nguo. Sisi wanawake wa nyumba hii tumeshazoea kukaa wenyewe, wala hatuhitaji mtu."

"Sisi wanawake wa nyumba hii," Volti akarudia. "Mama, mimi umeniuliza?"

"Nikuulize nini? Mimi ni mama yako, nakujua."

Volti akaenda kulala na njaa. Kitandani akajigeuza huku na huku, akigombana na watu wote kichwani: meneja, mama, Sindano, na mara mojamoja yeye mwenyewe, ingawa huyo wa mwisho alimpa muda mfupi tu.

Jumatatu meneja akatoa uamuzi wake. Ovaroli mpya zimekataliwa na wanawake, ilhali wanawake ndio waliozichagua. Basi warudie zile za zamani. "Walitaka wenyewe, zimewashinda wenyewe," alimwambia msimamizi wa mkanda, kwa sauti ya kusikika. Haya, niambie wewe unayesoma, hapo damu haichemki? Mtu hukuulizwa, umeamuliwa, umeonekana huna shukrani, na unarudishiwa mkono uleule mpana ulioingia kwenye roli. Volti alipopita pale kukagua taa akamkuta Mama Pacha anafunga mikono ya nguo yake kwa mipira ya kufungia maboksi, mmoja juu ya mwingine, juu ya michubuko ambayo haijapona.

"Inauma?" Volti aliuliza.

"Afadhali iume kuliko ivutwe," alijibu, bila kumtazama.

"Mama Pacha, mimi sikuchagua ile nguo kwa ajili yenu. Naapa."

"Najua. Mshonaji wako ametuambia."

"Amewaambia? Lini?"

"Yuko getini tangu asubuhi."

Volti alichungulia kwenye dirisha la ngazi. Kweli, alikuwepo, nje ya geti, shati limemlowa jasho mgongoni, futi mkononi, na foleni ya wanawake wanaosubiri zamu ya mchana mbele yake. Alikuwa anampima mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa anamsomea mashtaka yake.

"Mimi nataka suruali na shati, mbalimbali," mmoja alisema. "Hii ya kipande kimoja, nikienda haja ndogo nivue hadi shingoni?"

"Sawa, dada. Na mikono?"

"Mikono ibane. Kiuno kisibane: wewe unadhani ulimwengu mzima una kiuno cha mchumba wako?"

"Hapana, dada."

"Hapana, dada! Ulikuwa wapi na hiyo hapana?"

Sindano aliinamisha kichwa, akaendelea kupima. Hasira za Volti hazikuisha, asikudanganye mtu. Zilipungua upana tu. Ila mlinzi alitoka na fimbo yake akamfukuza: amri ya meneja, hakuna kupimana getini, na hakuna ovaroli nyingine. Sindano alikusanya vitu vyake, wanawake wakazomea, geti likafungwa.

Hapo ndipo Volti alipoamua.

Pale kiwandani fundi umeme ana kufuli lake jekundu. Akiona mtambo ni hatari anakata umeme, anaifunga swichi kwa kufuli hilo, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Hakuna wa kulifungua isipokuwa yeye, hata awe nani. Ndiyo kanuni, na kanuni hiyo imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Roli lile lililomnasa Mama Pacha halikuwa na kinga. Iliondolewa zamani ili iwe rahisi kusafisha, na Volti alikwishalisema mpaka midomo ikakauka. Akatembea hadi kwenye swichi kuu ya mkanda, akaishusha, akafunga kufuli.

Mkanda ukasimama. Kimya kikaingia, kimya ambacho wafanyakazi wengine hawakuwahi kukisikia ndani ya jengo lile. Meneja alikuja mbio, tai imerukia begani.

"Nani amezima?"

"Mimi. Roli halina kinga, na mtu ameshaumia. Nafunga kinga."

"Utafunga usiku!"

"Nafunga sasa hivi. Na kwa kuwa mkanda umesimama, meneja, muda ule uliokuwa huna, sasa unao. Wanawake hao hapo. Waulize."

"Sema wewe, Volti. Sema kwa niaba yao yaishe!"

"Mimi nina kazi," Volti alisema, akapiga magoti chini ya mkanda na spana yake, akaweka bolti midomoni, na tangu hapo hakusema neno.

Wakasema wenyewe. Mungu wangu, walisema! Shangazi anataka vifungo vikubwa mbele, avione bila miwani. Mama Pacha anataka uwazi kifuani, na mlango wa choo ufunge. Msichana mmoja alisema yeye ile ya zipu mgongoni anaipenda, imemkaa vizuri, apewe, na wenzake wakamrukia, naye akawarukia. Mwingine hataki nguo mpya, anataka kinga tu. Walibishana wao kwa wao mpaka wakasahau kama meneja yupo.

"Mnaona?" meneja alipaza sauti, mikono juu. "Mnaona? Wanawake wenyewe hamjui mnachotaka!"

Mama Pacha akamgeukia, mkono wake wenye michubuko kifuani.

"Tunajua, meneja. Kila mtu anajua chake. Wewe ulitaka tujue kimoja ili usipate kazi ya kusikiliza."

Simu ya meneja iliita, wakubwa wanauliza kwa nini magari yamesimama bila mzigo. Aliitazama simu, akawatazama wanawake, akaitazama miguu ya Volti inayotokeza chini ya mkanda.

"Mwiteni huyo fundi wa nguo," alisema hatimaye. "Apime kila mtu. Na apime haraka."

Jioni ile Sindano alimsubiri Volti ng'ambo ya barabara, chini ya taa, futi imekunjwa mkononi. Walianza kutembea pamoja.

"Bado una hasira?" Sindano aliuliza.

"Tele."

"Wenzako wamenishauri. Mmoja amesema nikuletee viatu. Mwingine, nikupigie magoti. Shangazi amesema nikae mbali mpaka mwezi uandame. Nikaona hapana, nitakosea tena. Nimekuja kukuuliza mwenyewe."

"Uliza."

"Nikifanya nini utanisamehe?"

Volti alisimama. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, akasubiri jibu, akanyamaza. Machozi yakamlenga machoni, na hilo pia likamkasirisha.

"Nikikuambia jambo langu, libaki langu. Usilipeleke popote bila mimi kujua. Basi."

"Nimekubali."

"Na mimi nilikosea kukuita wanaume wote," alisema. "Kosa lile ni lako peke yako, wenzako hawahusiki."

"Asante," Sindano akasema, kisha akafikiri kidogo. "Nadhani."

Volti akamcheka. Akamshika mkono, wakaenda hivyo hadi nyumbani, kwa sababu Volti alisema Jumapili ni mbali.

Mama alifungua mlango, akamtazama yule kijana mrefu, shati lenye jasho, nyuzi kwenye suruali. Sindano alimwamkia kwa heshima. Mama akaitikia nusunusu, akamwonyesha kiti, naye akakaa mbele yake, miwani ameivua kabisa.

"Haya. Nyie wanaume mnataka nini kwa mwanangu?"

"Wengine sijui, mama. Mimi nataka anioe... nataka nimuoe, yaani, tuoane. Kama atapenda. Nilitaka kuja Jumapili na maneno mazuri, lakini yamenipotea."

"Yamekupotea." Mama akavuta pumzi ndefu, kifua kimejaa, na Volti akaijua pumzi ile. Ilikuwa pumzi ya sisi. Sisi hatutaki, sisi tumeshazoea, sisi wanawake wa nyumba hii. Akakaza meno akisubiri.

Mama akafungua mdomo. Akamwona binti yake alivyosimama ukutani, ngumi zimekunjwa, grisi bado iko shavuni. Akaufunga. Kuufunga kulikuwa kazi, ungemwona ungejua ni kazi.

"Mimi nina langu la kusema," akasema mwishowe, sauti imepwaya, "na ni la mtu aliyeachwa, si lako. Mwanangu, wewe unasemaje?"

Volti alitaka kujibu papo hapo, maana yeye hajawahi kukosa jibu. Badala yake alikwenda akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake, akaegemeza kichwa kwenye goti lake, akalia kidogo. Ndipo akamjibu, taratibu, wala hakumtazama Sindano.

"Nasema namtaka, mama."